Barua kwa Mwanangu: Uanze na Nani Siku ya Drafti

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma nikiwa zamu ya usiku, nikaona nikujibu kwa barua, maana haya mambo hayaenei kwenye WhatsApp. Umesema umeingia kwenye ligi yetu ya fantasi ya besiboli kwa kuichukua timu ya yule mzee wa mapokezi aliyestaafu, siku ya drafti, yaani ya kugawana wachezaji, umepangiwa nafasi ya 9 kati ya 12, na unauliza mambo mawili: ukariri wachezaji wangapi, na uanze na mpiga, yule mwenye gongo, au mrushaji, yule anayemrushia mpira. Nitakujibu yote mawili. Ila usisahau kwamba mimi nimepangiwa nafasi ya 11, kwa hiyo Jumapili hiyo tutakuwa tunapokonyana tonge. Namna ya kujiandaa nitakufundisha. Majina niliyoyapigia mstari kwenye daftari langu utayasikia nikiyataja.

Kwanza weka kando mazoea ya fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza. Kule wewe na binamu zako wote wa Tanga mnaweza kuwa na Haaland, na hakuna anayemnyima mwenzake. Huku mchezaji ana mwenyewe mmoja. Nikimchukua amekwenda, labda uje kunibembeleza tubadilishane. Ndivyo ulivyokuwa mchezo huu tangu mwaka 1980, pale mwandishi Daniel Okrent na wenzake walipoucheza kwa mara ya kwanza New York, wakauita jina la mgahawa waliokuwa wakikutana, La Rôtisserie Française. Kanuni zilizoenea baadaye zilimpa kila mtu dola 260 za kununulia wachezaji 23 kwa mnada. Ligi yetu haina mnada, tunachagua kwa zamu, lakini hesabu ya 23 tumeirithi: wapigaji 14, warushaji 9.

Alama zinapatikana kwa mafungu kumi ya takwimu ambazo wachezaji wako wanazipata kwenye mechi za kweli. Wapigaji wana mbio (kuzunguka besi zote na kurudi nyumbani), homurani (mpigo unaompa mpiga mzunguko mzima, kwa kawaida mpira ukitoka uwanjani), mbio wanazowaingiza wenzao, besi wanazoiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) na wastani wa kupiga. Warushaji wana ushindi, sevu (kuulinda ushindi mwishoni mwa mechi), wapigaji waliowatoa kwa kuwakosesha, wastani wa mbio wanazoruhusu, na hesabu ya watu wanaowaachia kufika besi kila iningi, yaani kila kipindi cha mchezo. Timu inayoongoza fungu inapata 12, ya mwisho inapata 1. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanatafuta mchezaji bora badala ya kuuliza fungu gani wanalo na lipi hawana. Chukua mwaka 2023. Kyle Schwarber alipiga homurani 47, lakini wastani wake ulikuwa .197, aibu tupu. Luis Arráez aliongoza kwa wastani wa .354, na homurani zake zilikuwa 10 tu. Nani bora? Swali hilo halina jibu mpaka nione nani wengine unao. Ukiwa na Schwarber, lazima mbele ya safari utafute watu wa kuuinua wastani, na watu hao huwa hawangoji.

Sasa kazi ya kwanza. Wiki moja kabla ya drafti msimamizi atatoa orodha ya waliobakizwa, yaani wachezaji wa mwaka jana ambao timu zinaendelea nao bila kuwarudisha mezani. Kila timu inabakiza wawili, na kubakiza kunalipiwa: unapoteza raundi ileile ambayo mchezaji huyo alichaguliwa mwaka jana. Yule mzee amekuachia, miongoni mwa wengine, mmoja wa raundi ya 2 ambaye goti lake halijapona vizuri, na kijana aliyemwokota raundi ya 17 ambaye sasa kila mtu anamjua. Huyo wa 17 usimwache hata kwa bunduki. Huyo wa raundi ya 2 sioni faida ya kumbakiza hata akipona, maana utamlipia bei yake kamili, na mtu wa bei kamili unaweza kumpata palepale mezani. Orodha ikitoka, kata majina yote 24. Ukimaliza utaona kwamba zile orodha za mtandaoni zinazompa huyu namba 31 na yule namba 40 hazina maana kwako. Zimeandikwa kwa ligi ambayo watu wote bado wako sokoni.

Majina yaliyobaki usiyakariri. Tutachagua watu 252, hakuna kichwa cha kubeba hayo. Yapange kwa madaraja, kila nafasi na madaraja yake: wadakaji (wanaodaka mpira nyuma ya mpiga) peke yao, besi ya pili peke yao, na kadhalika. Ukienda kununua samaki ukakuta nguru wanne, huna haraka, unaweza kuulizia changu kwanza. Akibaki nguru mmoja, unafungua pochi. Basi siku ya drafti uangalie jambo hilohilo: daraja lipi limebakiza mtu mmoja. Namba ya mchezaji kwenye orodha haikusaidii kama kujua kwamba baada yake kuna shimo.

Wadakaji ndio mfano mzuri. Kazi yao ya kuchutama inachosha miguu, wanapumzishwa mara nyingi, na takwimu zao huwa chache. Kisha mwaka 2025 Cal Raleigh wa Seattle akapiga homurani 60, jambo ambalo mdakaji yeyote hakuwahi kulifanya; rekodi ya wadakaji ilikuwa 48, ya Salvador Perez mwaka 2021. Matokeo yake kila ligi ina mtu anayetaka kumpata Raleigh mwingine, naye atamchukua mdakaji wa kawaida raundi mbili kabla ya wakati wake. Mwache achukue.

Na orodha za zamani zitupe. Mwaka 2023 besiboli ilibadilisha kanuni: besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa na kikomo cha mara anazoweza kumgeukia mtu aliye kwenye besi. Wizi wa besi ukaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503. Mtu anayeiba besi 30 alikuwa dhahabu. Siku hizi ni mzuri, basi. Kuna wenzetu mezani ambao bado wanamlipia bei ya zamani.

Hesabu ya nafasi yako ni hii. Zamu zinakwenda na kurudi, wa 1 hadi wa 12, kisha wa 12 hadi wa 1, kwa hiyo utachagua wa 9, kisha wa 16, kisha wa 33, kisha wa 40. Kati ya 9 na 16 wanachaguliwa watu sita tu, na wanaowachagua ni watatu: aliye nafasi ya 10, mimi, na wa 12, kila mmoja mara mbili. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo, tazama vikosi vyetu watatu. Kama sote tumeshapata mtu wa besi ya tatu na wewe unahitaji wa besi ya tatu na mrushaji, chukua mrushaji sasa. Wa besi ya tatu ana nafasi kubwa ya kukusubiri. Raundi za mwanzo hila hii haisaidii sana, kuanzia ya 6 hivi ndiyo inakuwa fedha. Na baina ya 16 na 33 wanakwenda watu 16, umati mzima. Ukimpenda mtu hapo, usimtegemee arudi.

Lakini kwenye ligi iliyokaa miaka mingi kama hii, nusu ya maandalizi ni kuwajua watu. Msimamizi anahifadhi drafti zote zilizopita kwenye faili moja, mwombe akutumie. Soma za miaka mitano tu, utashangaa jinsi binadamu asivyobadilika. Hapa Massachusetts kila mchezaji wa Red Sox, timu ya Boston, anachukuliwa mapema kuliko thamani yake, na fundi wetu wa umeme ndiye kinara wa hilo. Dada wa maabara huchukua wafungaji, wale warushaji wa iningi ya mwisho, kuanzia raundi ya 5, akianza yeye wengine wanne wanaingiwa na hofu wanamfuata. Ukiona ameanza, wewe chukua mpiga mzuri waliyemwacha. Kazi ya mfungaji ni ya leo na kesho: Félix Bautista wa Baltimore alikuwa na sevu 33 mwaka 2023, kiwiko kikaharibika Agosti, mwaka 2024 hakurusha kabisa. Sevu zinaokotwa katikati ya msimu ukiwa macho. Na yule mpishi mwenye asili ya Jamhuri ya Dominika, akimtaja kijana usiyemjua, usicheke. Anafuatilia ligi ya kwao ya majira ya baridi, anawajua vijana kabla ya sisi kujifunza kuyatamka majina yao.

Mpiga au mrushaji kwanza? Mpiga. Najua Tarik Skubal na Paul Skenes ni warushaji wa kutisha, na mhasibu wetu atakuonyesha jedwali la kuthibitisha kwamba wanastahili raundi ya kwanza. Mimi naogopa viwiko. Spencer Strider mwaka 2023 aliongoza wote kwa kuwakosesha wapigaji 281, mwaka uliofuata wengi wakamchagua kuwa mrushaji wao wa kwanza, akaanza mechi mbili tu kisha akaenda kupasuliwa. Gerrit Cole alipasuliwa Machi 2025, hata msimu haujaanza, na walioshafanya drafti Februari wakabaki wanatazamana. Mrushaji akifanyiwa ule upasuaji wa kiwiko unaoitwa Tommy John, mwaka na zaidi umekwenda. Wapigaji nao huumia, sikatai. Ronald Acuña Jr. aliyepiga homurani 41 na kuiba besi 73 mwaka 2023 ndiye aliyekuwa chaguo la kwanza la watu wengi 2024, na Mei goti likachanika. Ila hao ni wachache zaidi. Wapigaji wawili kwanza, mrushaji raundi ya 3 au ya 4, ndiyo rai yangu.

Kuhusu Shohei Ohtani, anayepiga na kurusha vilevile, soma kanuni zetu ukurasa wa pili. Kuna ligi zinamhesabu kuwa watu wawili, mpiga na mrushaji, kila mmoja na mwenyewe. Kwetu ni mtu mmoja, na unachagua kila siku umtumie kwa lipi. Sitasema zaidi ya hapo.

Tunaanza saa kumi na mbili jioni, na kila mtu ana dakika moja. Piga hesabu, hatutamaliza kabla ya saa nne usiku. Kula kwanza, chaja iwe karibu, na daftari uliandike kwa mkono hata kama unatumia kompyuta, maana intaneti ya kwako mwenyewe unaijua. Kuanzia raundi ya 18 watu wamechoka, wanataja majina waliyoyazoea, vizee vya miaka 37. Hapo ndipo uwe na vijana sita au saba uliowaandika mapema, na chukua yule anayeweza kuja kuwa mkubwa, badala ya yule ambaye unajua hatakuwa.

Majina yako mawili yamfikie msimamizi kabla ya Ijumaa saa sita usiku. Asipoyapata, anakubakizia wale wa raundi za juu kabisa kwenye kikosi, na wa kwanza wao ni yule wa goti.

Mama yako