Picha haina rangi, sauti ya upande mmoja: tazama matundu kwanza

Ndugu yangu wa Kisauni, Mombasa, umesema umeunganisha dikoda na tivii mpya kwa zile nyaya tatu, njano, nyeupe na nyekundu. Picha imekuja bila rangi, sauti inatoka spika ya kushoto pekee, na fundi anataka kuifungua tivii. Tafadhali asiifungue! Dalili hizo mbili nimezikuta pamoja kwenye nyumba za watu wengi, na kila mara tatizo lilikuwa nje, pale zinapochomekwa plagi.

Mulika nyuma kwa tochi ya simu. Tivii nyingi za sasa zina matundu matano: kijani, buluu, nyekundu, halafu nyeupe na nyekundu nyingine. La njano halipo. Nyekundu iliyo karibu na buluu ni ya picha. Ya sauti ni ile jirani ya nyeupe. Plagi yako nyekundu bila shaka imeingia ya picha, ndiyo maana spika ya kulia imenyamaza. Ihamishe. Njano iache kwenye kijani, ambalo aghalabu huwa limeandikwa Video pia.

Sasa rangi. Waya wa njano hubeba mwanga na rangi kwa pamoja. Katika mfumo wa Component, yaani picha inayogawanywa kwenye nyaya tatu, tundu la kijani hupokea mwanga tu, na rangi hutafutwa kwenye buluu na nyekundu. Tivii ikisoma njano yako kwa mfumo huo, itapata picha ya kijivu tupu. Bonyeza Source kwenye rimoti, uchague AV, yaani njia ya hizo nyaya zako tatu.

Rangi ikigoma bado, ingia mipangilio ya dikoda uhakikishe iko kwenye mfumo wa rangi wa PAL, wala si ule wa NTSC. Halafu kagua plagi zenyewe, maana hewa yetu ya chumvi haina huruma; nyumba za Mji wa Kale zinazoelekea bahari nimekuta plagi zimeota kutu ya kijani. Zima umeme, sugua kwa pamba yenye spiriti, zikauke kabisa.

Dikoda ikiwa na tundu la HDMI, nakusihi utumie hiyo: waya mmoja, picha na sauti, na picha ni safi mno kuliko mistari 576 ya AV. Ila nyaya za AV usizichomoe mapema. HDMI ikikuletea kioo cheusi kwa sababu dikoda imewekwa ukubwa wa picha wa 1080p na tivii haiupokei, utahitaji AV uione menyu na kuushusha hadi 720p.