Inachuja, inapauka ao inatosha rangi?

Mama mmoja wa Goma anatia rangi vitambaa kwake ku Himbi na kuviuzisha, ameniandikia hivi: "Mwalimu, ku etiketi ya vitambaa yangu niliandika KATANI SAFI, HAIPAUKI. Mteja akanunua mita tano ya nyekundu, akaifula pamoja na shemizi nyeupe ya bwana yake, shemizi ikageuka rozi. Akarudi na hasira, eti mi ni muongo. Nikamwambia aangalie, rangi ya kitambaa iko palepale, haikupauka. Nani ana haki? Na mwengine akacheka neno katani, akasema katani ni kamba. Mi nilitaka kusema lin."

Mama, pole kwa ile shemizi. Kwa Kiswahili chenyewe haukudanganya, ila uliandika neno ya shida moja na mteja akaisoma kama ya shida ingine.

Kupauka ni kupoteza ung'avu, kitu kinakuwa cheupe-cheupe kama kimekauka. Mtoto akitoka kuoga bila kupakwa mafuta tunasema ngozi imepauka, midomo inapauka mu kiangazi, na kitambaa inapauka juu ya jua, maji hayaingii hapo. Mama yangu alikuwa na kikwembe moja ya zambarau, aliikunja vizuri akaiweka juu ya kabati karibu na dirisha, hapa hapa Bukavu, miaka ikapita haivai, siku aliikunjua tukaona mistari ya kijivu kila mahali palipokunjwa, na kati ya mstari na mstari zambarau ingali nzito kama siku ilitoka dukani. Hakuna tone la maji liliigusa. Ile njo kupauka.

Kuchuja ni mambo ya maji. Neno ni lile lile la chai. Rangi inatoka ndani ya nyuzi inaingia mu maji, halafu kutoka mu maji inaenda kukaa ku nguo ya jirani, na beseni ya mteja wako bila shaka ilikuwa nyekundu kama bisapi. Nguo ikichuja mpaka imebaki hafifu tunasema imechujuka. Watanzania wameipeleka neno hiyo mbali kabisa, hata mwanamuziki ambaye watu wamemchoka wanasema amechuja. Kwa hiyo etiketi yako ilimjibu mteja habari ya jua, na yeye alikuwa anauliza habari ya beseni.

Juu ya nini sisi huku tunavichanganya? Moja ni Kifaransa. Mfaransa anasema déteindre kwa pazia iliyoliwa na jua na kwa soksi iliyochafua mashuka, neno moja tu, na sisi tulisomea mu Kifaransa basi tunabeba mawazo ile tunaingia nayo sokoni. Ingine ni ile "inatosha rangi" yetu. Kwetu kutosha ni kufanya kitu kitoke, tosha viatu, tosha mkono, kwa hiyo "kitambaa inatosha rangi" kila mtu ku Birere, kule Goma, anaelewa, lakini peleka kitambaa hiyo Kigoma ao Dar es Salaam, kule kutosha ni kufika kiasi, mtu akisoma "haitoshi rangi" atafikiri ulibania rangi! Na sikubali mtu aseme hii ni Kiswahili mbovu. Toka inazaa tosha sawa vile waka inazaa washa na anguka inazaa angusha, muundo ni safi kabisa. Mu mdomo endelea kuisema. Ku etiketi ya bidhaa inayovuka mpaka, andika kuchuja, pande zote wataelewa.

Sasa mi ninakazia hii tofauti kwa sababu wewe ni mtu wa kazi, na kila neno iko na dawa yake. Kitambaa ikichuja maana yake kuna rangi haikushikana na uzi. Kama unatumia zile rangi za kisasa za pamba, zile zinaitwa reaktivu (zilianza kuuzwa 1956), zinajifunga ku uzi zenyewe mukiweka magadi, lakini si zote, sehemu ingine inajifunga ku maji badala ya uzi halafu inabaki imejificha mu kitambaa bila kushikwa na kitu. Hiyo lazima itoke kwako, isingoje kutoka kwa mteja. Suuza kwanza na maji baridi mpaka chumvi iishe, halafu maji ya moto sana na sabuni, rudia, rudia tena, mpaka maji ibaki meupe. Najua makala (makaa ya kupikia) ni bei na maji ya kubeba kichwani inachosha, watu wengi wanaishia ku suuza ya pili, na hapo njo shemizi za watu zinageuka rozi.

Wengine watakuambia loweka na chumvi na vinegre ili rangi ishike. Chumvi inasaidia wakati wa kutia rangi, inasukuma rangi iende ku uzi, ikiisha kazi imeisha. Vinegre inasaidia sufu na hariri kwa rangi za asidi. Ku pamba iliyokwisha kutiwa rangi, hakuna kitu inafanya.

Kupauka sasa, hapo sabuni wala maji ya moto haisaidii, mwangaza wenyewe unavunja rangi ndani. Manjano ya jikoni njo mfano mzuri, chovya kitambaa cheupe utapata njano ya kupendeza sana, chemsha na shabu, ile wengi wanaita aluni, itakamata vizuri zaidi, lakini anika juani siku chache utaona inavyopauka. Dawa ni kuchagua rangi ingine, na kumwambia mteja aanike kivulini. Hata viwanda vinapima hivi vitu mbalimbali: ku jua wanatoa alama kutoka 1 mpaka 8, ku kufua kutoka 1 mpaka 5, rangi moja inaweza kupata nyingi huku na kidogo kule.

Kuna hata ya tatu, mama, kupakaza. Jeans mpya inakuachia buluu ku kiti nyeupe bila jua na bila maji, kwa kusuguana tu. Ile ni tabia ya nili. Nili ya buluu haiyeyuki mu maji, lazima uigeuze kwanza mu chungu ili iweze kuyeyuka, na kitambaa inatoka mule iko ya njano-kijani, unaishika mkononi, hewa inaigusa na unaona kwa macho yako inaanza kuwa buluu kutoka pembeni kwenda kati. Buluu imefungiwa mu uzi, lakini nyingi inakaa karibu na ngozi ya uzi, basi ukisugua inatoka.

Neno ingine ya kuchunga ni kukolea. Tunasema chumvi imekolea, rangi imekolea, ni kusema imeingia kwa wingi, ni nzito. Hapo mafundi wengi wanadanganyika, wanaona nyekundu imekolea wanafikiri imeshika. Yako ilikolea. Haikushika. (Na usiseme ulipaka kitambaa rangi, kupaka ni juu juu, kama ukuta ao mafuta ku ngozi. Wewe unatia.)

Tuje ku katani. Yule aliyecheka ana haki, ingawa hakuwa na sababu ya kucheka. Lin kwa Kiswahili ni kitani, njo ile tajiri wa Luka 16 alivaa pamoja na zambarau. Katani leo ni nyuzi za mkonge, za kamba na magunia. Maneno haya mawili ni ndugu, yote yanatoka ku Kiarabu kattan, na mkonge wenyewe uliletwa Tanganyika 1893 tu, kwa hiyo jina la katani lilikuwapo kabla ya mmea ambao leo linautaja. Zamani katani ilikuwa uzi wa kitani pia, kosa lako liko na mizizi. Ni kama sufi na sufu, herufi moja tu, lakini sufi inatoka ku mti wa msufi, ya kujaza mito, na sufu inatoka ku kondoo.

Lakini uko na hakika ni kitani? Chomoa uzi moja, uchome. Kitani na pamba zinaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ikiungua kama karatasi bado hauwezi kuamua kati ya kitani na pamba, muulize aliyekuuzia.

Kabla ya etiketi mpya, chukua kitambaa nyeupe yenye maji, sugua nyekundu yako kwa nguvu. Kata kipande kingine, funika nusu na kartoni, weka dirishani wiki mbili. Yote ikipita salama, andika: KITANI. RANGI HAICHUJI, HAIPAUKI. Ya dirishani ikishindwa, andika HAICHUJI, ANIKA KIVULINI.

Na ile shemizi, kama haijapigwa pasi, mwambie mteja aifule peke yake na maji ya moto sana na sabuni, mara tatu hivi. Rangi ambayo haikushika ku kitambaa yako, ku shemizi pia haikushika sana.