Theluji haifuati kalenda ya korosho
Maswali ya wasomaji kuhusu kupanda Kilimanjaro

SWALI: Sisi ni walimu watano wa Masasi. Tunataka kuwa kileleni Desemba 9, siku ya Uhuru, maana pesa ya korosho itakuwa imeingia na shule zimefungwa. Mwenzetu anasema Desemba ni joto, theluji itakuwa imeyeyuka. Eti theluji ni ya Juni na Julai, wakati wa kipupwe. Ni kweli?

JIBU: Mwenzenu anahesabu kwa hali ya hewa ya Masasi. Kilimanjaro iko karibu na ikweta, na kule juu usiku huganda mwezi wowote. Theluji huletwa na mvua, si na miezi ya baridi: wingu linalomwaga maji Moshi, juu ya mita 5,000 mara nyingi humwaga theluji. Tena misimu yao si yetu. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kule kuna vuli, Novemba na Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kwa hiyo Desemba 9 mtaangukia ndani ya vuli. Mnaweza kukuta kokoto kavu hadi juu, mnaweza kukuta theluji ya magotini. Juni mabaki ya masika huwa bado yapo. Agosti na Septemba njia kwa kawaida ni kavu.

Hakuna sababu ya kuahirisha, ila jiandaeni kama watu watakaokuta theluji. Kwa msimu huo tungechagua njia ya Marangu, kwa sababu moja tu: ndiyo yenye vibanda vya kulala. Anayelala kwenye hema lililolowa siku tatu hufika usiku wa kilele hana nguo kavu. Chukueni siku sita, si tano. Anzeni kupanda Desemba 5 na mlale Mandara (mita 2,720). Desemba 6 na 7 mlale Horombo (mita 3,720). Siku ya pili hapo ni ya kuuzoesha mwili. Desemba 8 mfike Kibo, mita 4,700 hivi, kisha muondoke saa sita usiku. Wengi hupanda kwa ajili ya Uhuru, kwa hiyo vibanda huwahi kujaa.

Sehemu ngumu ni kutoka Kibo hadi Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, karibu mita 1,000 za mwinuko. Siku kavu njia huzungukazunguka juu ya kokoto. Theluji ikifunika hiyo mizunguko, watu hukata moja kwa moja, huchoka mapema na huteleza. Msimwache mwongozaji. Kanyageni nyayo za aliyetangulia, hatua fupi, unyayo wote ukigusa chini.

Wanaoanguka zaidi ni wanaoshuka. Usiku theluji imeganda na inashika; jua likipanda uso wake hulainika, na pale walipopita watu wengi panakuwa kioo. Refusheni fimbo zenu za kutembelea (zile za kurefushwa) sentimita 5 hadi 10, kunjeni magoti kidogo, pigeni kisigino kwanza kwenye theluji laini. Kwenye barafu ngumu kisigino hakisaidii. Hapo panahitaji minyororo yenye meno ya chuma inayovishwa juu ya buti. Iulizeni kampuni kabla ya kulipa kama wanayo, na muijaribu Kibo mchana, si gizani vidole vikiwa vimekufa ganzi. Mwongozaji akisema rudini, rudini, hata kama bendera iko begini.

SWALI: Nitapanda na raba, jinzi na sweta mbili. Zinatosha? (Kilwa Masoko)

JIBU: Hapana, na jinzi ndiyo mbaya kuliko zote. Pamba ikilowa hukaa na maji na kunyonya joto la mwili. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo Kilwa ikiwa na nyuzi 28, kilele cha mita 5,895 kinakuwa kama 10 chini ya sifuri. Ongeza upepo wa alfajiri, na uko ndani ya friza ya muuza barafu.

Si lazima ununue vipya. Mitumba ina majaketi ya watu wa nchi za theluji; angalia lebo, tafuta polista au sufu, zipu nzima, kofia ya kufunika masikio. Vaa tabaka: la ndani linalobana, la kati lenye manyoya, la nje lisilopitisha maji wala upepo. Buti tu usibahatishe: liwe refu kupita kifundo, likubali soksi nene na bado vidole vicheze. Soksi tatu ndani ya buti linalobana huleta ganzi, kwa kuwa damu haipiti. Chupa ya maji ifunike kwa soksi na uiweke kichwa chini, maana barafu huanzia juu.

SWALI: Je, mazoezi ya kupanda na kushuka mteremko wa Newala yatanizoesha hewa nyepesi?

JIBU: Miguu, ndiyo, mapafu, hapana. Newala haifiki mita 1,000. Shuka na kupanda na begi la kilo 6, mara tatu kwa wiki. Hewa utaizoea mlimani kwa kwenda polepole tu.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Mikindani, jua la baharini nimelizoea. Miwani ya nini?

JIBU: Mchanga mkavu wa pwani hurudisha kama asilimia 15 ya mionzi inayounguza macho, theluji mpya hurudisha hadi 80. Tena mionzi hiyo huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Kofia haitoshi, maana mwanga unatoka chini. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, macho yakiwasha kama yamejaa mchanga, nawe bado una safari ya kushuka. Tafuta miwani ya jua ya daraja la 3 au 4 (daraja huonyesha giza la lenzi), yenye kufunika pembeni, na uivae hata kukiwa na mawingu.