Mdogo wangu ananisikia, lakini hanielewi

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi Ipuli, Tabora, na mdogo wangu wa kiume ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili. Tangu aanze kuchomwa sindano ya kila mwezi, sauti zilizokuwa zikimsumbua zimepungua. Hata hivyo, redio ikiwashwa hashiki ninachosema, na nikimwita ale hudhani ninamgombeza. Shangazi ameambiwa kwamba kusikiliza muziki maalumu kwa hedifoni kutamponya, hivyo anataka tuache sindano. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Sindano msiiache, nakusihi, kwa kuwa kuikatisha ndiko huwarudisha wagonjwa wengi kwenye hali ya mwanzo. Muziki unaweza kumtuliza, lakini haujathibitishwa kuponya skizofrenia.

Unayoyaona si ukaidi. Mtu akisikilizishwa mlio uleule mara nyingi, kisha ukaingia mlio tofauti, ubongo hutoa ishara ya umeme hata kama mtu mwenyewe hajali. Mwanasaikolojia Risto Näätänen wa Ufini na wenzake waliieleza ishara hiyo mwaka 1978, na kwa watu wengi wenye skizofrenia imeonekana kuwa dhaifu. Sikio linaweza kuwa zima, ila ubongo ukashindwa kutenganisha sauti zinazokaribiana, na hapo kiimbo hupotea. Kwa sisi Waswahili hasara hiyo ni kubwa, maana "umekunywa dawa" ni taarifa au swali kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu, na asiyekisikia kiimbo hicho hawezi kujua kama anaulizwa kwa upendo au anashutumiwa.

Kwa hiyo anza na "je", taja jina lake, zima redio, mkae mkitazamana, na useme jambo moja kwa wakati mmoja.

Yapo pia mazoezi ya kusikiliza kwa kompyuta, ambayo humfundisha mgonjwa kutofautisha milio na silabi zinazofanana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwapa wagonjwa saa 50 za mazoezi hayo, na kumbukumbu yao ya maneno ikaimarika. Hayo huongezwa juu ya dawa, hayachukui nafasi yake.

Kabla ya yote, mpeleke Hospitali ya Kitete akaguliwe masikio, kwani nta iliyoziba au usikivu uliopungua huzidisha tatizo hili. Mweleze pia mhudumu wa afya ya akili habari ya redio na ya kuitwa kula, kama ulivyonieleza mimi. Na shangazi aende nanyi, asikie mwenyewe.