Maswali ya wasomaji: kwanini wanamzomea anayefungua shoo?

SWALI: Habari dada. Niko Minneapolis huku Marekani, mwaka wa sita sasa. Juzi wenzangu wa kazini wamenipeleka shoo ya rock, mara yangu ya kwanza, na tiketi ilikuwa ghali kweli. Ikaanza bendi ya vijana wanne hata jina lao sikulishika, wanapiga vizuri tu, lakini watu wanapiga stori zao, wengine wako kwenye foleni ya bia, mara wimbo wa tatu kundi la nyuma yangu likaanza kuita jina la bendi kubwa na kuzomea. Yule dada anayeimba nilimuona uso umebadilika kabisa, nikaumia mpaka shoo yenyewe sikuifurahia. Kwanini wanawaweka kama hakuna anayewataka? Na je, wapo waliozomewa hivyo halafu wakaja kuwa wakubwa? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Pole mdogo wangu, mimi mwenyewe nimeumia kwa kusoma tu. Umeniandikia kutoka mji wa mwanamuziki Prince kwahiyo lazima nianze na yeye. Oktoba 1981 Rolling Stones, bendi kubwa ya rock ya Uingereza, walikuwa kwenye ziara yao ya Marekani, wakapiga siku mbili pale Los Angeles Memorial Coliseum, tarehe 9 na 11, watu kama elfu 90 wamejaa. Prince akawekwa awe mmoja wa wanaofungua. Wakati huo ana miaka 23, anapanda steji na koti refu, ndani chupi tu, anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, na bendi yake imechanganya weusi na weupe, wanaume na wanawake. Siku ya kwanza hata nyimbo hazijafika mbali wakaanza kuzomea, zikafuata chupa na makopo na vyakula, akashuka, akapanda ndege akarudi hukohuko Minneapolis uliko wewe. Wakampigia simu sana, Mick Jagger, mwimbaji wa Stones mwenyewe, akaongea nae, akakubali kurudi siku ya pili, na siku ya pili ikawa vilevile, vitu vinaruka tu, ila safari hii alikaza akapiga.

Watu wanapenda kusema ah, muziki wake haukuendana na wa Stones basi. Mimi sikubali kwamba ni muziki tu. Miaka miwili nyuma yake, Julai 1979, uwanja wa baseball kule Chicago walilipua masanduku ya santuri za disko katikati ya uwanja, umati mkubwa wa vijana wakaingia uwanjani kushangilia, yaani kulikuwa na hasira kabisa dhidi ya muziki wa kudansi ambao wengi wa wenyewe walikuwa weusi na mashoga. Sasa weka kijana mweusi na chupi mbele ya umati ulioletwa na gitaa za Stones, unadhani nini kitatokea? Na hao hao Stones mwaka 1972 walifunguliwa na Stevie Wonder, mweusi pia, ziara nzima, watu wakamkubali vizuri, mpaka mwisho wa shoo akawa anarudi stejini kuimba na Stones pamoja. Kwahiyo ndio inawezekana, umati unaweza kupokea kitu kipya, na ndo maana ile ya Los Angeles inaniuma mpaka leo. Mwaka 1984 Prince akatoa Purple Rain, albamu ikakaa namba moja Marekani wiki 24 mfululizo.

Mwingine ni mpiga gitaa Jimi Hendrix. Julai 1967 aliwekwa kufungua ziara ya The Monkees, bendi iliyotengenezwa kwa ajili ya kipindi cha televisheni, mashabiki wao wengi mabinti wadogo na wengine wameletwa na wazazi. Hendrix kaanza nao Jacksonville, Florida, tarehe 8. Hebu fikiria binti wa miaka 12 anamsubiri Davy Jones, mwimbaji wa Monkees, anatokea Hendrix na gitaa linalolia kama radi, watoto wanapiga kelele wanamtaka Davy, yeye anajaribu kuimba wimbo wake wa Purple Haze. Ndani ya wiki moja na kitu, baada ya shoo za New York, akajitoa. Kuna stori ilitembea sana kwamba chama cha kina mama wazalendo wa Marekani ndo kililalamika akafukuzwa, hiyo sio kweli, ilitungwa na mwandishi wa habari Lillian Roxon kwa utani na magazeti yakaichukua kama ilivyo. Cha kunishangaza mimi ni kwamba waliotaka Hendrix awepo ni Monkees wenyewe, Micky Dolenz, mpiga ngoma wao, alikuwa amemuona kwenye tamasha la Monterey mwezi mmoja tu nyuma akachanganyikiwa. Yaani wanamuziki walijua nani anapanda. Mashabiki wao hawakuwa wamemsikia bado, na albamu yake ya kwanza ilikuwa haijatoka Marekani, ilitoka Agosti.

Sasa kwanini wanawekwa. Kazi yao ni kuchangamsha watu wakati ukumbi unajaa, na lebo, yaani kampuni ya kurekodi, inataka msanii wake mpya asikike kwa watu ambao angemaliza miaka kumi kuwakusanya mwenyewe. Lakini ujue mazingira yao ni magumu: wanapewa kama nusu saa, wanasimama kwenye kipande cha mbele cha steji kwasababu vyombo vya bendi kubwa vimeshapangwa nyuma vimefunikwa, mara nyingi muda wa kupima saundi umeliwa na wakubwa, taa nzuri zinatunzwa kwa ajili ya baadae. Kwahiyo ukisikia wanasikika wadogo sio lazima ni wadogo. Huyo dada uliyemuona, tafuta jina lake kwenye tiketi au bango, msikilize nyumbani kwa utulivu, mwandikie hata mstari mmoja kwamba ulikuwepo na ulimsikia.

SWALI: Assalaam alaykum dada. Kuna kijana amebishana na mimi barazani, anasema Freddie Mercury wetu wa Unguja hajawahi kumsindikiza mtu, yaani kumfungulia shoo, alianza juu kwa juu. Mimi nikasema kila mtu kaanza kwa kusindikiza. Nani mkweli? (Msomaji, Mji Mkongwe)

JIBU: Waalaykum salaam. Umeshinda wewe kwa upande wa Freddie, na stori yake ni nzuri kuliko mnavyodhani hapo barazani.

Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa hapohapo Unguja tarehe 5 Septemba 1946, kasoma bweni India, familia ikahamia Uingereza 1964 baada ya mapinduzi. Bendi yake ya Queen wakatoa albamu ya kwanza Julai 1973 na haikuuza sana. Novemba mwaka huohuo wakachukuliwa kusindikiza Mott the Hoople, bendi ya Ian Hunter, ambayo ilikuwa juu kwa ule wimbo wa All the Young Dudes walioandikiwa na David Bowie. Wakazunguka Uingereza mwezi mzima na kumalizia Hammersmith Odeon, London, katikati ya Desemba. Huku walikubalika, mashabiki wa Mott walikuwa watu wa gitaa na mbwembwe na nguo za kung'aa, kwahiyo Freddie hakuwa mgeni machoni mwao. Hapo ndo unaona tofauti na yule Hendrix, mwenyeji na mgeni walikuwa na mashabiki wa aina moja.

Ila msidhani ilikuwa laini kote. Januari 1974 walienda tamasha la Sunbury, Australia, Freddie anaumwa sikio, mpiga gitaa wao Brian May mkono umevimba kwa chanjo, na wenyeji wakawazomea, walitaka bendi zao za nyumbani. Wakarudi Uingereza, wimbo wao wa Seven Seas of Rhye ukaingia kumi bora, Aprili wakaenda Marekani, bado wasindikizaji, bado na Mott the Hoople. Mwezi wa tano New York Brian akaanguka na homa ya ini, ziara ikawaishia hapo hapo, bendi nyingine ikachukua nafasi. Brian baadae kaandika wimbo Now I'm Here wa kukumbuka safari ile, na jina la Hoople limo ndani.

Tena malizia ubishi wako na hii. Tarehe 20 Aprili 1992, miezi mitano baada ya Freddie kufariki, Queen waliobaki walifanya tamasha la kumkumbuka Wembley, uwanja umejaa. Akapanda Ian Hunter, yuleyule aliyekuwa anafunguliwa na Freddie, akaimba All the Young Dudes, David Bowie yuko pembeni yake na Queen ndo wanampigia. Mimi kila nikiiangalia naishia kulia kabisa.

SWALI: Mimi huwa naingia saa ya bendi kubwa tu, za mwanzo nakaa nje napiga stori na washkaji. Kuna ubaya gani, si hela yangu? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hela ni yako kweli kaka, na kukaa nje ni bora mara mia kuliko kuingia ukarusha chupa. Ila nikuambie ya Bob Marley. Aprili 1980 alikuwa Zimbabwe, uwanja wa Rufaro, usiku wa uhuru, yeye ndo mgeni mkubwa. Septemba mwaka huohuo, tarehe 19 na 20, yuko Madison Square Garden New York, anawafungulia Commodores, bendi ya Wamarekani weusi, kwasababu alitaka sana kuwafikia Wamarekani weusi ambao redio zao zilikuwa hazimpigi. Asubuhi ya tarehe 21 akaanguka akikimbia mazoezi Central Park. Tarehe 23 akapiga Pittsburgh, ndo ikawa ya mwisho, na Mei 1981 akafariki. Aliyekaa nje ya Garden siku zile mbili akisubiri Commodores hakumuona tena.