Nani atangulie jukwaani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuko washairi wanne, mazoezi tunafanyia Soweto, Mbeya. Mwezi wa saba tunakwenda Iringa kwenye mashindano ya timu ya ushairi wa jukwaani, kwa kanuni za slam. Mwenzetu mmoja ni moto wa kuotea mbali, anataka atangulie awavunje nguvu wapinzani. Pia tuna shairi la majibizano la wote wanne. Tulipeleke? *Mshairi, Mbeya*

JIBU: Marahaba, wanangu. Huyo moto msimtangulize, hata akinuna.

Slam, yaani mashindano ya ushairi wa jukwaani yanayopewa alama na watazamaji, aliianzisha mshairi Marc Smith huko Chicago, Marekani, na tangu 1986 makao yake yakawa klabu ya Green Mill. Majaji hawasomei kazi hiyo. Ni watu watano wanaookotwa humo humo ukumbini. Kila mmoja anatoa alama 0 hadi 10, ya juu kabisa na ya chini kabisa zinafutwa, zinabaki tatu. Sasa mtu aliyeokotwa huwa bahili mwanzoni, maana hajui mbele kuna nini. Ukumbi ukishachangamka, mkono unalegea. Shairi lile lile lililoambulia 7 saa moja usiku, saa mbili lingepewa 9. Timu hupokezana zamu ya kuanza raundi, kwa hiyo subirini kura ya kupanga zamu: raundi mnayofungua nyinyi, mpelekeni asiyetetereka akiona alama ndogo. Moto wenu awekwe raundi mnayofunga.

Majibizano pelekeni, ila litakula zamu moja kati ya nne, na lazima liwe limetungwa na nyinyi wenyewe. Nawaonya kitu kimoja. Sisi tumelelewa na ngonjera, wengine tulizighani shuleni mbele ya mgeni rasmi, mikono nyuma, sauti zote nne zikipanda na kushuka pamoja. Mkiingia hivyo mmekwisha. Kibwagizo tu ndicho mseme wote. Kwingineko mkatizane kama watu wanaogombana kweli.

Muda ni dakika 3, na nyongeza ya sekunde 10. Baada ya hapo kila sekunde 10 zinakata nusu alama. Ubeti wa tarbia, yaani wa mistari minne, wenye mizani 64, ukighaniwa bila papara, unakula karibu nusu dakika. Beti tano zinatosha. Ya sita ni ya mwenye pumzi. Na saa inaanza mnapoanza tu kuzungumza na hadhira, hata kama shairi lenyewe bado. Nimemwona kijana akianza na "itifaki imezingatiwa", akashukuru kamati, akamshukuru na mama yake. Beti la mwisho lilimkuta nje ya muda.

Ngoma, mkuki, mgolole wa kuigizia, vyote viacheni Mbeya, haviruhusiwi. Sweta bebeni. Iringa ya Julai mnaijua, na hakuna jaji atakayeliita maleba.