Maswali ya Wasomaji: Dramu za Jeff Porcaro, Jukwaani na Studio

Toleo lililopita tulichapisha wasifu mfupi wa Jeff Porcaro (1954–1992), mpiga dramu wa bendi ya Toto ambaye pia alikodiwa na wanamuziki wengine katika studio za Los Angeles. Barua zimekuwa nyingi. Tumejibu zile zinazogusa jambo ambalo wengine pia wameuliza.

Wahariri, shikamooni. Wimbo "Africa" wa Toto unautaja Kilimanjaro na Serengeti, na huku kwetu redio haziuchoki. Mdundo wake umetoka kwetu, au wameutunga tu? Na ni vyombo gani hasa vinavyosikika mwanzoni?
*Msomaji, Moshi*

Marahaba. Mdundo haukutoka Tanzania. Wimbo uliandikwa na David Paich, mpiga kinanda wa Toto, na Porcaro, ukarekodiwa California kwa ajili ya albamu ya "Toto IV" (1982), na Februari 1983 ukafika namba moja Marekani. Paich hakuwa amefika Afrika alipoandika maneno hayo. Ninyi wa Moshi mnajua kwamba kutoka Kibo hadi mpaka wa Serengeti ni zaidi ya kilomita 200, tena nyanda za juu za Ngorongoro zipo katikati, kwa hiyo tusiutumie wimbo huu kama ramani. Chanzo alichokitaja Porcaro mwenyewe ni ngoma alizozisikia utotoni katika maonyesho ya dunia ya New York, kwenye banda la Afrika, pamoja na zile za filamu za wanyamapori.

Namna ulivyorekodiwa inafundisha zaidi. Porcaro alipanga besi dramu (ile kubwa ya mguu), sneya (dramu yenye nyaya chini) na haihati (matoazi mawili ya kufungana) tu. Mbele yake akakaa Lenny Castro, mpiga ngoma za mkono, na tumba. Wakapiga mdundo uleule kwa dakika tano bila metronomu (kifaa cha kupimia mwendo), Porcaro akiimba besi ya wimbo kichwani ili mwendo usikimbie. Ukihesabu moja hadi nne katika kila kipimo, besi dramu inapigwa kwenye moja, kwenye nusu ya baada ya mbili, na kwenye tatu. Sneya iko kwenye tatu, na haihati inajaza mapigo 16 katika kila kipimo. Wakasikiliza, wakachagua vipimo viwili vilivyokaa vizuri kuliko vyote, wakaviwekea alama kwenye mkanda. Kisha wakarudi ndani na kengele ya chuma na kayamba. Walianza kupiga vipimo vinne kabla ya alama, ili wakifika pale wawe wameshashikana.

Baadaye mkanda ukakatwa na kuungwa ncha kwa ncha, uzunguke kipimo kimoja bila kikomo. Kwa mwendo wa wimbo ule, kama mapigo 93 kwa dakika, kipimo kimoja ni sekunde 2.6 hivi. Mashine ikienda inchi 15 kwa sekunde, hicho ni kipande cha mkanda cha karibu mita moja. Ikienda inchi 30, ni karibu mita mbili. Ukikosea mkato kwa sentimita moja, kila mzunguko utachechemea, na sikio litaanza kuungojea mchechemeo huo kuliko wimbo wenyewe.

Mashine ya dramu ya Linn ilikuwepo studio siku hiyo, na ingeifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Wao walitumia kama nusu saa. Tofauti ndiyo mnayoisikia redioni: mapigo ya tumba hayalingani kwa nguvu, na hakuna anayeyasahihisha. Dramu kamili ziliongezwa baadaye, zikiingia kwenye kiitikio na kunyamaza kwenye beti. Wimbo una vipimo vichache visivyo vya kawaida, hivyo mzunguko ule ulikuwa ukijikuta umegeuka. Ikabidi Castro aupige wimbo mzima tena juu yake, akibadilisha kidogo kwenye kona.

Habari za kazi. Napiga dramu kanisani na bendi yetu inajaribu "Rosanna" ya Toto. Nikifika mapigo 80 kwa dakika mkono wa kushoto unakuwa mzito na mdundo unageuka kuwa mwingine kabisa. Nifanyeje?
*Msomaji, Nairobi*

Huo ni mdundo wa shafuli (mdundo wa kuyumba, kila pigo likigawanywa vipande vitatu) ya nusu mwendo. Porcaro aliuchanganya kutoka sehemu tatu, naye hakuficha: mapigo hafifu ya sneya ya mpiga dramu Bernard Purdie, mzunguko wa John Bonham wa Led Zeppelin kwenye "Fool in the Rain", na mpangilio wa mapigo wa mpiga gita Bo Diddley, alioupa mguu.

Weka mguu pembeni kwanza. Gawa kila pigo vipande vitatu sawasawa. Kipimo cha mapigo manne kitakuwa na vipande 12. Mkono wa kulia, kwenye haihati, unachukua kipande cha kwanza na cha tatu cha kila pigo. Wa kushoto, kwenye sneya, unachukua kile cha katikati, kwa sauti ya chini kabisa. Pigo zito la sneya ni moja tu kwa kipimo, nalo liko kwenye tatu. Ukilisema kwa mdomo ni hivi: kulia-kushoto-kulia, kulia-kushoto-kulia, wote-kushoto-kulia, kulia-kushoto-kulia. Usiguse fimbo kabla hujaweza kulisema bila kukwama.

Sasa tazama pigo la tatu. Mkono wa kushoto unapiga kwa nguvu, na kipande kimoja tu baadaye unatakiwa kupiga kwa kunong'ona. Kwa mwendo wa wimbo, hiyo ni chini ya robo sekunde. Hapo ndipo uzito wako unapotokea. Fimbo inaruka juu baada ya pigo zito, wewe unairudisha chini kwa msuli, na ukifanya hivyo kila kipimo, mkono unachoka kabla ya ubeti wa pili. Dawa ni kuikamata fimbo ikiwa chini: piga, halafu funga vidole viwili vya nyuma mara tu inapogusa ngozi, ili ibaki sentimita mbili au tatu juu yake. Pigo hafifu linalofuata lidondoke kutoka hapo hapo. Kuuinua mkono kwa ajili ya pigo zito, subiri hadi upite pigo hafifu la mbili. Kutoka hapo una vipande viwili kamili, na vinatosha.

Lifanyie mazoezi pigo la tatu peke yake, "zito-hafifu", kwa mapigo 50 kwa dakika, kwa dakika tano. Kisha ingiza kipimo kizima. Panda mapigo manne kila mara unapomaliza dakika mbili bila kukosea, wala usiruke hatua. Mguu ukiongeza, weka besi dramu kwenye moja tu hadi mikono isijali. Mpangilio wa Bo Diddley uje mwishoni.

Kuna makosa mengine mawili yanayougeuza mdundo. La kwanza ni haihati yenye nguvu sawa kila mahali: kipande cha kwanza kipigwe kwa ubavu wa fimbo ukingoni, cha tatu kwa ncha juu ya toazi. La pili ni vipande vitatu kubanwa na kuwa viwili mwendo unapopanda, na shafuli inakufa. Simu itakuumbua. Iweke mita tatu kutoka kwenye dramu, rekodi, usikilize. Ukiweza kuyahesabu mapigo hafifu moja moja kutoka umbali huo, yana sauti kubwa mno. Yanatakiwa kuhisiwa kama mchakacho, basi.

Asalaam aleykum. Mliandika kwamba Porcaro "alijua kila mtindo". Hebu thibitisheni. Wapiga dramu wengi husema hivyo juu yao wenyewe.
*Msomaji, Mombasa*

Waaleykum salaam. Swali la haki, na maneno yale yalikuwa ya juu juu. Tuseme alichofanya.

Akiwa na miaka 17 aliingia kwenye kundi la Sonny na Cher. Mwaka 1975 alipiga kwenye albamu ya Steely Dan, "Katy Lied", nyimbo zote isipokuwa moja. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye "Silk Degrees" ya Boz Scaggs. Kwenye "The Wall" ya Pink Floyd (1979) yeye ndiye anayepiga wimbo "Mother", ambao vipimo vyake havilingani urefu. Mwaka 1982, mbali na "Toto IV", alikuwa kwenye "Thriller" ya Michael Jackson na kwenye "I Keep Forgettin'" ya Michael McDonald. Mwaka 1991 alisikika kwenye "On Every Street" ya Dire Straits.

Ukitaka mtihani mgumu, chukua "Beat It" ya kwenye "Thriller". Rekodi ya awali iliharibikiwa ulinganifu baada ya mkanda kukatwa, na kilichobaki cha maana ni sauti ya Michael Jackson na solo ya gita ya Eddie Van Halen. Porcaro na mpiga gita Steve Lukather wakaujenga muziki upya chini ya vitu ambavyo tayari vilikuwa vimerekodiwa. Kwa kawaida mwimbaji hufuata dramu. Hapa dramu zililazimika kumfuata mwimbaji ambaye hayupo chumbani, huku zikisikika kana kwamba ndizo zinazomwongoza.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili. Dramu za wimbo "Gaucho" wa Steely Dan (1980) ziliunganishwa kutoka marudio 46. Kwa maoni yetu hilo halimpunguzii kitu. Kuna wapigaji ambao ukikata marudio yao hayaungani, kwa sababu mwendo na nguvu ya sneya vimebadilika kati ya rudio la 5 na la 30.

Kama ni orodha ya mitindo, wako waliojua mingi zaidi. Yeye alijua kuacha. Sikiliza beti za nyimbo hizo uhesabu matoazi yaliyogongwa. Ni machache ajabu.

Je, mpiga dramu wa studio Marekani analipwaje? Anapata kitu wimbo ukivuma?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Kwa mkataba wa kawaida wa chama cha wanamuziki cha huko, AFM, kikao kimoja cha kurekodi ni saa tatu, na muziki uliokamilika usizidi dakika 15. Kuna kima cha chini; wapigaji wanaotafutwa sana hudai mara mbili yake. Usafirishaji wa dramu hulipwa kando.

Wimbo ukivuma, fedha za utunzi huenda kwa waliotunga. Redio za kawaida za Marekani hazimlipi mpigaji chochote kwa kupigwa kwa rekodi. Upo mfuko wa malipo maalumu unaotokana na mauzo, ambao hugawia waliorekodi chini ya mkataba wa chama. Kwa hiyo kwa "Beat It" Porcaro alikuwa mpigaji wa kukodiwa, na kwa "Africa" alikuwa mtunzi mwenza. Hayo ni mapato mawili tofauti kabisa, hata kama fimbo ni zilezile. Ukialikwa studio popote, mambo haya yaandikwe kabla hujafungua begi la matoazi.

Kila nikigonga tomtomu ndogo, nyaya za chini ya sneya zinazizima. Fundi wa studio amekasirika. Nibadilishe sneya?
*Msomaji, Mwanza*

Usibadilishe. Tomtomu na sneya zimekazwa karibu sauti moja, hivyo moja ikilia nyingine inaitikia. Pandisha au shusha tomtomu kwa robo mzunguko kwenye kila skrubu, usikilize tena. Ikiendelea, legeza kidogo zile skrubu nne za ngozi ya chini zilizo kando ya nyaya, mbili kila upande.

Kagua pia ukazaji wenyewe. Sneya ya inchi 14 huwa na skrubu 8 au 10: kaza kwa vidole kwanza, halafu nusu mzunguko kwa kuvuka, moja na ile inayoikabili, na gonga sentimita tatu kutoka kila skrubu hadi zilingane. Ngozi ya chini iwe imekazwa kuliko ya juu. Kuzikaza nyaya zenyewe kupita kiasi ni kosa linalopendwa: mzizimo unapungua, lakini mapigo hafifu yanapotea, na msomaji wetu wa Nairobi anajua anayahitaji.

Nani alikalia kiti cha Porcaro?
*Msomaji, Bujumbura*

Simon Phillips wa London, aliyeanza utotoni katika bendi ya baba yake na baadaye kupiga na Judas Priest, Jeff Beck na The Who. Aliingia Toto mwaka 1992, baada ya Porcaro kufariki Agosti 5 akiwa na miaka 38, na akabaki hadi 2014. Haihati huipiga kwa mkono wa kushoto bila kuvusha mikono, kwa hiyo ukijifunza "Rosanna" kwa kumtazama yeye kwenye video, maelekezo yetu ya hapo juu ya kulia na kushoto yabadilishane.